Jina la Boheti

Tuliporejea Mkongani kutoka Lindi, kina mama wa darsa letu walituuliza tumeona nini huko Tendaguru. Tukawajibu: kilima kilichojaa vichaka, wala hakifikii kimo cha milima yetu ya Shimba. Mifupa yenyewe iko Berlin.

Baina ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua hapo mifupa ya dinosaria walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji ilikuwa haijasahaulika. Wenyeji ndio walioshika majembe. Ndio pia waliobeba mizigo vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Mnyama mmoja alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake chapita mita 13.

Majina nayo yaligawiwa. Mkubwa huyo aliitwa Brachiosaurus brancai mwaka 1914, kwa heshima ya Branca, mkuu wa taasisi ya Berlin iliyotuma msafara. Mwengine, mdogo, akapewa jina la Lettow-Vorbeck, jemadari wa vita! (Alichimba nini, hatujui.)

"Na wachimbaji je, Maalim?" aliuliza binti mmoja.

Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Alingoja hadi 2007, ndipo mtaalamu wa Kijerumani alipomwita dinosaria mmoja wa Tendaguru Australodocus bohetii.

Binti akaomba chaki, akaliandika ubaoni kwa herufi za Kiarabu, pamoja na jina la babake.