Tumekuwa Wengi, Neno Limepotea

Wahenga walisema umoja ni nguvu. Sawa. Lakini hawakutuambia, ndugu msomaji, kwamba umoja wa watu 4 si umoja wa watu 12.

Mimi ni mtoto wa Kidahwe, pale njia ya Kasulu inapochepukia. Baada ya kidato cha nne nilipata kibarua Kigoma mjini, katika kampuni changa ya umeme wa jua. Jina lake nalihifadhi. Tulikuwa wanne. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kuandika daftarini. Fundi akitaka kujua leo aende wapi, anageuza shingo tu, ananiuliza. Mambo yalikwenda.

Biashara ikakua, tukawa 12. Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza! Hesabu yenyewe nyepesi: watu 4 wakizungumza wawili wawili wana njia 6, watu 12 wana njia 66. Mmarekani Fred Brooks aliliona hili katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu utengenezaji wa programu za kompyuta: kazi iliyochelewa ukiiongezea watu, inazidi kuchelewa. Wapya wanataka kufundishwa, na maneno yanaongezeka kuliko mikono.

Siku moja zahanati ya kijijini ikapiga simu: taa za chumba cha kujifungulia zimezimika. Nikaandika, nikampa fundi mkuu. Fundi mkuu akamwambia mtu wa stoo, wa stoo akamngoja bosi, na bosi kesha watuma mafundi wote kwenye baa ya rafiki yake wakafunge taa za rangi. Kila mtu ana kazi "ya haraka". Siku tatu, jamani! Muuguzi alizalisha kwa tochi, kaishika kwa meno. Mama na mtoto walipona, Mungu mkubwa. Lakini betri zilikuwepo, mafundi walikuwepo, gari lilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kusema: hili kwanza, lile lingoje.

Tena inawezekana. Januari 2008, ghasia za uchaguzi zilipowaka Kenya, kina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliunda Ushahidi kwa siku chache tu, wala hawakukaa ofisi moja. Walichagua jambo moja: taarifa za wananchi ziingie, zionekane kwenye ramani. Madoido baadaye. Mwaka 2010 chombo hicho hicho kilitumika Haiti baada ya tetemeko.

Na kwa nini twende mbali? Mjomba wangu anavua dagaa Kibirizi. Usiku, wavu ukiwa chini, anayeamuru kuvuta ni mmoja, na kila mvutaji anaijua kamba yake. Mkianza kubishana, dagaa hawawangoji.

Kwa hiyo vijana wenzangu mnaofungua vikampuni vya programu na simu, kabla hamjamwajiri mtu wa tano ulizaneni: simu ya zahanati ikilia, nani ataamua? Kama kila mmoja anamtazama mwenzake, msiajiri kwanza.