Kufika Ukiwa Bado na Mgongo

Watu wakiona pikipiki ya kruza wanaona starehe. Kiti kiko chini, miguu inaenda mbele, hendeli inakujia kifuani. Ukiikalia dukani dakika mbili, unaamini. Mwili lakini husema ukweli baadaye, huko Emali, wakati mfupa wa mkia unaanza kuuliza maswali.

Mimi huenda Voi mara mbili kwa mwezi, kama kilomita 330 kutoka Nairobi. Baba alipata kiharusi mwaka ule ule nilioacha chuo. Upande wa kushoto ulilala, na Mama peke yake hawezi kumwinua. Mimi huandika makala na kulipwa kwa kila makala, kazi ya popote penye chaji na bando. Kwa hivyo nikifika ndipo kazi inaanza: kumgeuza, kumkalisha, kumpeleka bafuni. Mgongo ulioliwa na barabara hauwezi kazi hiyo.

Nilianza na urefu, manake mimi ni mfupi. Pikipiki nyingi hunisimamisha kwa vidole vya miguu, na kwa vidole huwezi kuizuia kwenye changarawe za pembeni lori likikubana. Nilitamani Royal Enfield Meteor 350, mashine tulivu sana, lakini ina kilo 191 na bei yake si ya mtu wa makala. Nikachukua Bajaj Avenger 220 iliyotumika, ya ukoo wa Kawasaki Eliminator. Kiti chake kiko milimita 737 kutoka ardhini. Nyayo zangu zote mbili zinakanyaga chini.

"Siste, weka bomba la kunguruma kwanza," kijana wa vipuri alinishauri. "Barabara yote ikujue."

Nikamwambia naanza na kiti.

Kwenye kruza miguu iko mbele, kwa hivyo huwezi kusimama kidogo ukiona shimo. Uzito wote umekaa juu ya makalio, na kila tuta linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Sponji laini hudanganya: baada ya saa moja imelala, umekalia bati. Fundi wa viti alikata sponji ngumu akaiweka chini, nyembamba laini juu, kisha akainua sehemu ya nyuma ishike kiuno. Alinikalisha mara tatu kabla ya kushona. Kiti hupimwa kwa mwenye makalio, si kwa picha ya simu.

Hendeli ikafuata. Viwiko vikinyooka kabisa, mabega ndiyo yanayolipa. Tuliinua na kuirudisha nyuma kidogo, halafu tukaikata kulia na kushoto hadi mwisho kuhakikisha waya wa klachi na mpira wa breki havivutiki. Ruka hatua hiyo, na siku moja utakata kona breki ikatae.

Kioo cha upepo nilikiweka mwisho. Bila kioo, kifua kinakuwa tanga na mikono inang'ang'ania hendeli njia nzima. Kisiwe kirefu mno, uone barabara juu ya ukingo wake. Usiku wa mvua utaelewa kwa nini. Springi za nyuma nazo hukazwa kulingana na mzigo. Mzigo wangu ni laptop na nepi za watu wazima, kwenye mifuko ya pembeni, chini, uzito sawa pande zote.

Mjomba huniuliza mbona pesa hizo zisilipe karo nirudi darasani. Huuliza pia mbona nisipande SGR, ambayo inasimama Voi. Treni ina saa zake, Mjomba, na simu ya Mama haina. Kuhusu chuo simjibu. Cheti pekee chenye jina langu ni logbook ya pikipiki, na kwa sasa ndicho kinachonifikisha.

Juzi nilisimama Emali, nikasimama tena Mtito Andei, nikanywa maji, nikajinyoosha. Nilifika nyumbani saa nane mchana. Baba, kwa maneno yake ya polepole, akaniuliza kama nataka kupumzika kwanza.

"Hapana, Baba," nikamwambia nikiinama. "Shika bega."