Nilipofuta Sauti ya Nyanya

Ndugu msomaji, huenda nawe una simu mfano wa yangu: hifadhi yake ni gigabaiti 8, na sehemu kubwa humezwa na mfumo wenyewe kabla hujatia hata picha moja. Humo nilikuwa nimetunza nyimbo nilizomrekodi nyanya yangu kule Shinyalu kwa ajili ya somo la fasihi simulizi. Zilikuwa nyimbo za isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Jioni moja nililazimika kupakua programu tumizi ya asasi fulani ili niwasilishe fomu. Simu ikanena nafasi haitoshi. Makataa yalikuwa saa sita usiku. Nikafuta nyimbo mbili, nikijipa moyo kwamba nitazirekodi upya. Niliporudi Shinyalu, nyanya aliukumbuka mmoja. Wa pili alisema hana habari nao.

Baadaye mwenzangu wa chumbani hapa Lurambi, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, alinionyesha kwamba fomu ile haikuhitaji kupakuliwa abadan. Zipo tovuti ambazo ukizifungua katika kivinjari waweza kuziweka kwenye skrini, zikakaa na nembo yake kama programu yoyote. Ndani mna msimbo mfupi unaosimama baina ya kivinjari na mtandao, ukitunza nakala za kurasa. Hata bando likiisha, zilizotunzwa hufunguka. Twitter ilipotoa yake mwaka 2017, ilichukua nafasi isiyofika megabaiti 1. Megabaiti moja! Wimbo wa nyanya ulikuwa mkubwa zaidi.

Hazina ukamilifu, la hasha. Ukifuta data za kivinjari, nakala nazo hutoweka, na simu za iPhone ziliukubali msimbo huo mwaka 2018 tu.

Alex Russell na Frances Berriman walizipa jina la Kiingereza mwaka 2015, wakimaanisha kwamba hujiongezea uwezo kadiri simu inavyoruhusu. Kwa Kiswahili mimi naziita "tovuti tumizi". Mwenzangu hucheka, adai jina hilo halibebi dhana ya kujiongeza. Huenda ana haki. Mwenye istilahi bora na atuletee.

Wimbo uliosalia sasa nimeuweka mahali patatu.