Nyangumi wa Bwawani na Tumbili wa Kambani



Ndugu wasomaji, sisi watoto wa Lipingo nyangumi tulimjua kwa kisa cha Nabii Yunus (a.s.) tu. Ziwa letu la Nyasa lina usipa, mbasa na samaki wengine wengi, lakini nyangumi hamna. Aliyetufikisha kwa nyangumi ni tumbili.

Tumbili huyo alifungwa kamba kiunoni chini ya mwembe, karibu na vichanja vya kuanikia usipa, katika njia yetu ya kwenda madrasa. Kila siku alikwenda hatua nne, akageuza kichwa, akarudi hatua nne, hata ardhi ikachimbika. Tulisimama tukamhesabia kwa sauti, tukacheka, tukasema anacheza. Wengine tulimrushia maganda ya ndizi ili tuone kama atakosea hesabu. Hakukosea.

Ustadhi alipopata habari hakutuchapa. Baada ya darsa alituonyesha katika simu yake picha za Kiska, nyangumi wa aina ya orka, mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye wataalamu humhesabu katika ukoo wa pomboo. Kiska alikamatwa baharini karibu na Iceland mwaka 1979, akiwa bado mdogo, na baadaye akawekwa katika bwawa la maonyesho la Marineland, mjini Niagara Falls, Kanada. Alizaa watoto watano, wote wakafa. Tangu mwaka 2011 alikaa bila ya orka mwenzake. Picha za mwaka 2021 zinamwonyesha akijigonga ukutani tena na tena.

Ustadhi alitufahamisha kwamba orka akiwa huru huweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa siku, pamoja na mama na ndugu zake, akiwinda. Akifungiwa, huzunguka bwawa kwa njia ile ile, au hutafuna ukingo wa zege mpaka meno yakalika. Mwili umeumbwa kwa safari, na safari haipo, basi hurudia kipande kidogo kilichobaki.

Mmoja wetu akauliza, "Ustadhi, kwani alikuwa hapewi chakula?"

Akajibu, "Alikuwa akipewa."

Tulinyamaza. Kisa cha mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa tunakijua sote, nasi tulidhani kwamba mnyama akishashiba haki yake imekwisha. Tumbili wetu naye alikuwa akilishwa vizuri.

Kanada ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kukataza kuwaweka nyangumi na pomboo kwa maonyesho, lakini waliokwisha kufungiwa waliachwa walipo. Kiska alifia bwawani Machi 2023.

Kesho yake tulifuatana na Ustadhi kwa mwenye tumbili. Mzee yule si mtu mbaya. Alimwokota akiwa mchanga, mama yake alipouawa shambani kwenye mahindi. Akasema, "Wajukuu zangu, nilimfunga asije naye akauawa." Ustadhi alizungumza naye kwa upole, na mzee akaifungua kamba.

Ndugu wasomaji, tulitazamia tumbili atakimbia. Alikwenda hatua nne, akageuza kichwa, akarudi. Tulimwita, tukamwekea ndizi mbali kidogo. Alifika pale kamba ilipokuwa ikimkomea, akageuka. Siku hiyo hakucheka mtu.

Ilikuwa hivyo kwa siku nyingi. Kisha asubuhi moja tulimkuta juu ya mwembe. Hata sasa mara nyingine hushuka akatembea kijia chake, na sisi hupita kimya.

Nasaha yetu kwenu ni hii: mkimwona mnyama anarudiarudia jambo moja, msifanye haraka kucheka. Tazameni kwanza amefungwa na nini, na nani awezaye kumfungua. Allah atusamehe kwa kile kicheko chetu.

Wabillahi tawfiiq.