Tope Halina Leseni

Mpwa wangu anakusanya vigari vya kipimo cha 1:43. Si mtoto, ana ndevu na kazi ya benki, na kila mwisho wa mwezi sehemu ya mshahara wake huenda Ulaya ikarudi ndani ya kiboksi. Majuzi alikuja kwangu na wenzake wawili, amenuna. Amenunua Toyota Celica ya Safari Rally ya 1993, ile ya Juha Kankkunen. Boksi lina nembo ya leseni, lina na karatasi ya uthibitisho, lakini bomba la kuvutia hewa, lile linalopanda kando ya kioo cha mbele ili injini isinywe maji mtoni, halipo. "Mjomba, hawa wamechukua gari la mashindano ya Ulaya wakalibandika stika za Safari." Mwenzake akasema ngao ya mbele ipo, inatosha. Wa tatu akasema taa za kwenye madigadi zimekaa juu mno. Walibishana mpaka chai ikapoa, na mimi nilifurahi kuwasikiliza. Kilichonikera ni neno la mwisho la mpwa wangu, la kunibembeleza: "Ninyi zamani mlikuwa mnachezea tu, Mjomba. Hamkujali haya mambo."

Hatukujali!

Duka tulilotazamia vigari utotoni lilikuwa Mtaa wa India, Dar es Salaam, chini ya roshani ya mbao. Leo pana ghorofa la vioo, na chini yake wanauza simu na kava za simu. Wakati ule liliuza vitu ambavyo mtu havitafuti kwa haraka: vifungo, nyuzi za kufumia, kalamu za wino, fremu za picha, na nyuma ya kaunta, ndani ya kabati la kioo, magari. Humo ndani palinukia kafuri ya kufukuzia mende na bizari iliyoshuka kutoka jikoni kwao juu, halafu, siku ya bahati, boksi jipya la kigari cha Corgi likifunguliwa: karatasi ngumu na rangi. Harufu hiyo ya tatu nimeitafuta madukani Ulaya na Dubai sijaipata. Sasa kila kitu kinanuka plastiki.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine ikining'inia kifuani kwa uzi. Hakuuza gari kabla halijatazamwa. Alitandaza kitambaa cha kijani juu ya kaunta, akalitoa gari kwa vidole viwili, akalisukuma polepole hadi ukingoni, akalidaka kwa kiganja. Sisi tusio na senti tuliruhusiwa kutazama, mradi mikono iwe mgongoni. Ukisahau ukaishusha, kitambaa kinakunjwa na kipindi kimekwisha.

Mbele kabisa kabatini alikaa Volkswagen mwekundu wa Corgi, ubavuni nambari 18 na maandishi ya East African Safari, spea juu ya paa. Ukiizungusha spea ile, magurudumu ya mbele yanakata kona. Na ndani ya boksi lake, kifaru. Kifaru wa plastiki, kichwa chini, tayari kumvaa dereva. Gari hilo lilitoka 1965, na kesi yetu ya kwanza ilianzia hapo, kwa sababu Volkswagen alikuwa ameshinda Safari kwa mara ya mwisho 1962. Baada yake alikuja Peugeot 404, halafu Ford Cortina 1964, halafu Joginder Singh na Volvo yake. Mtoto yeyote wa mtaani kwetu Kisutu aliyewahi kusoma gazeti lililofungia maandazi aliijua orodha hiyo kwa mpangilio. Sasa Volkswagen anatafuta nini mbele ya kabati? Na kifaru wa nini? Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na redio ililaumu mvua.

Mzee alitusikiliza kwa utulivu wa hakimu. Akasema wanaotengeneza magari haya wanakaa Uingereza, na mtu wa Uingereza akisikia Afrika Mashariki anaona kifaru kwanza, barabara baadaye. Akamrudisha Volkswagen nyuma, mbele akamweka Cortina wa Dinky, mweupe mwenye boneti jeusi. Cortina alikuwa ameshinda kweli. Tukaridhika.

Kisha ikaja Pasaka, msimu wa Safari, ile ya Bert Shankland. Kaka yangu anashikilia ilikuwa 1966, mimi nasema 1967; Shankland alishinda miaka yote miwili kwa Peugeot 404, Chris Rothwell akimsomea njia, kwa hiyo ugomvi huo tumeuacha ulale. Shankland alikuwa wa Dar. Watu waliokuwa hawajawahi kupanda gari dogo waliutembea mji kama waliolisukuma wao. Na kabatini hapakuwa na 404 ya Safari hata moja.

Mzee alikuwa na 404 yake mwenyewe, Dinky ya Ufaransa, ambayo hakuiuza. Siku moja tulimkuta ameivua kwenye boksi na kuilaza juu ya kitambaa. Chini ya kioo cha kaunta aliweka picha ya gari la Shankland iliyokatwa gazetini. Alikuwa na kijiti cha kiberiti kilichochongwa ncha na kichupa cha rangi ya kucha cha mkewe, na alikuwa anaandika nambari mlangoni huku amevaa miwani zote mbili, moja juu ya nyingine. Tulishika mikono mgongoni bila kuambiwa. Alipomaliza tukaanza: nambari imekwenda mbele mno, duara ni dogo, na rangi ya bodi je? Picha ya gazeti haina rangi. Wengine waliapa hivi, wengine vile, kila mmoja ana mjomba aliyeliona kwa macho yake.

Mzee aliingia ndani akarudi na sahani ya chai yenye udongo mwekundu uliokorogwa na gundi. Akachovya kidole, akapaka kuanzia magurudumu kwenda juu, akaziba taa moja, akapitisha kwenye kioo cha nyuma. Mlangoni aliacha nambari itokeze nusu. Akatuuliza kama bado kuna mtu ana swali la rangi.

Nilimsimulia mpwa wangu hayo, akashika kichwa. Dinky ile ingekuwa safi ndani ya boksi lake, anasema, leo ni hela nyingi. Hapo ndipo hawa vijana wananishinda. Wanataka gari la Safari lililo sahihi mpaka msumari, na wanalitaka bila mkwaruzo. Nissan wenyewe, kule Zama, Japani, wamelihifadhi gari la Datsun 240Z lililoshinda Safari ya 1971 pamoja na mabonyeo yake. Wao ndio waliolitengeneza, na hawakuona haya.

Hiyo 240Z ya Edgar Herrmann Corgi waliitoa, nyekundu, nambari 11, na safari hii hakuna mnyama ndani ya boksi. Nadhani ndilo gari la mwisho la duka lile tulilolipitisha bila rufaa. Shekhar Mehta aliposhinda na Datsun 1973 kabati lilikuwa limeanza kuwa na nafasi tupu, na zilipokuja foleni za sukari hakuna aliyekuwa anaagiza vigari. Kiwanda cha Dinky kule Liverpool kilifungwa 1979, na Mettoy, wenye Corgi, wakafilisika 1983. Mzee alikuwa ameshahamia Kanada kwa wanawe. 404 ilikwenda naye au ilibaki, watu wanasimulia tofauti.

Yaliyofuata ni ya haraka. Vikaja vya plastiki vya Kariakoo visivyofanana na gari lolote duniani, kisha vigari vya 1:43 vya China, vizuri ajabu, vyenye leseni. Zamani kiwanda cha magari kilifurahi tu kuona gari lake kabatini. Sasa kinataka malipo, na mhuri wake ndio unaoitwa ukweli. Mhuri huo huo unapita juu ya Opel Ascona ya Ari Vatanen ya 1983 bila jina la Rothmans, na juu ya Subaru bila 555 yake, kwa sababu matangazo ya sigara yamepigwa marufuku. Mkusanyaji hununua stika za sigara kwa fundi wa pembeni asiye na leseni yoyote, akazibandika mwenyewe usiku kwa kibano. Gari halali lina uongo, na la magendo ndilo lililokuwepo barabarani. Mpwa wangu haoni kichekesho.

Sasa wametoa na matoleo machafu: tope linapuliziwa kiwandani, na bei inapanda. Vijana walikuwa na moja mezani, tope lake la kahawia hafifu kama chai ya maziwa, na wakaniuliza, hatimaye, mimi nisiyejali mambo: rangi ya tope la Safari ilikuwa ipi? Nikawaambia inategemea gari lilikuwa limefika wapi. Likitoka Voi na Taita ni jekundu, likitoka mbuga za Athi ni jeusi na halibanduki, na hii Safari mpya ya Naivasha ni vumbi la kijivu, tope likija ni la bahati mbaya. Mpwa wangu akaandika yote kwenye simu, kisha akauliza kama nina picha. Ninazo, nikamwambia, zote ni nyeusi na nyeupe.