Malisho na Hesabu ya Miaka Mitano

Ng'ombe akiingia malishoni haulizi cheti cha majani. Akiyaona mabichi, hula. Lakini katika nchi za Umoja wa Ulaya majani yale yale yaweza kuwa na majina mawili katika daftari la serikali, na jina moja humwacha mkulima huru, la pili humfunga mikono.

Wakulima wa nchi hizo hupewa ruzuku kwa kadiri ya ardhi waitumiayo, nao hawana budi kueleza kila shamba ni la namna gani. Kanuni iliyowekwa mwaka 2013 ilisema kwamba ardhi yenye majani ya kulisha wanyama, yawe yameota yenyewe au yamepandwa, ikikaa miaka 5 au zaidi bila kuingizwa katika zamu ya mazao mengine, ni malisho ya kudumu. Kabla ya hapo, majani yaliyopandwa katika zamu hiyo yalihesabiwa kuwa ardhi ya kulimwa.

Nia ilikuwa njema. Udongo wa malisho usiopinduliwa huweka akiba kubwa ya kaboni, wala hauchukuliwi upesi na maji ya mvua. Kwa hiyo kila nchi ilitakiwa isiache sehemu ya malisho ya kudumu ipungue kwa zaidi ya asilimia 5. Huko Ujerumani mkulima alipaswa kupata kibali kabla ya kuyageuza malisho hayo kuwa shamba la nafaka.

Basi na tufikiri hali ya mkulima ambaye majani yake yametimiza miaka 4. Yamestawi, na ng'ombe wa maziwa wanashiba. Lakini ajua kwamba ardhi ya kulimwa kwa kawaida huuzwa kwa bei kubwa kuliko malisho. Na kama ameikodi, mwenyewe hatafurahi kurudishiwa ardhi iliyobadilishwa jina. Ndiyo maana wako waliofunga plau, wakapindua majani mazuri na kupanda mahindi au ngano, si kwa kuhitaji mazao hayo, bali kwa kuogopa kalenda. Kanuni ya kuyalinda majani ikawa sababu ya kuyaua.

Je, haikutosha kulima na kupanda majani ya aina nyingine? Shauri la mkulima mmoja Mjerumani lilifika Mahakama ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 2 Oktoba 2014 ikaamuliwa kwamba kubadili aina ya majani hakukati hesabu ya miaka. Mwaka 2017 sheria ilirekebishwa, nchi zikaruhusiwa kutazama pia kama plau imepita au haikupita.

Karani hana budi kuhesabu, maana fedha za watu wote hazigawanywi kwa kukisia. Lakini mkulima naye huhesabu. Ikiwa aliyetunza majani yake miaka 20 amefungwa, na ayapinduaye kila baada ya miaka 4 yu huru, atafuata njia ya uhuru. Kanuni ya kuhifadhi ardhi yafaa impe faida yule aihifadhiye.