Butembo: Gundi ya plafo inangoja jua, mwenye gari hangoji

Ikweta inapita karibu kabisa na mji wa Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, lakini mtu anayeamka huko saa kumi na moja alfajiri anaweza kulisahau jambo hilo. Mji umekaa milimani, zaidi ya mita 1700 juu ya bahari. Ukungu unashuka mabondeni, mabati yanatoka jasho, na madereva wanapangusa vioo kwa kitambaa kabla ya kuwasha gari. Kwa muuza maandazi baridi hiyo ni kero tu. Kwa fundi anayebandika plafo za gari, yaani kile kitambaa cha ndani juu ya vichwa vya abiria, inaweza kumkosesha mshahara wa juma zima.

Mmoja wa mafundi hao alitoka Kanyabayonga mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, wakati M23 ilipouingia mji huo. Ni baba ya watoto watatu. Cherehani ilibaki nyuma. Alichobeba ni mkasi, kisu na brashi ya waya. Sasa anafanya kazi kwenye kibaraza cha fundi mwingine, kando ya garaje, na kila kazi anayopata anagawana na mwenye kibaraza.

Gari nyingi zinazoletwa kwake ni za zamani, zilizokwisha kutumika nchi nyingine kabla ya kufika Kongo. Sponji iliyo kati ya kitambaa na ubao wa plafo inazeeka, inakuwa unga wa rangi ya kahawia, na kitambaa kinaanguka. Abiria anakaa nyuma kama mtu aliyeingia ndani ya chandarua. Wengine wanashikilia kwa pini. Siku hizi kuna kitambaa chenye gundi tayari mgongoni, kimefunikwa karatasi: unabandua karatasi, unabandika. Ukisikia hivyo unadhani ni kazi ya mtoto.

Shida ni kwamba gundi ya namna hiyo haikauki kama rangi. Inatakiwa iwe laini kidogo ili iingie katika vishimo vidogo vya ubao na kushika. Ikipoa inakuwa ngumu, inagusa juu juu tu. Gundi nyingi za aina hii hazitakiwi kubandikwa chini ya nyuzi 10 za joto, na zinashika vizuri zaidi kipimo kikipita 20. Asubuhi ya Butembo mara nyingi iko chini ya 15, yaani mahali pabaya kabisa: si baridi ya kumzuia fundi asianze, lakini inatosha kumharibia. Kitambaa kinaonekana kimeshika. Siku ya pili, gari likikaa juani, pembe zinaanza kushuka. Na umande ni adui mkubwa kuliko baridi yenyewe, kwa sababu utando wa maji usioonekana ukiwa juu ya ubao, gundi inashika maji.

Ndiyo sababu fundi huyu hutandika kitambaa chake ndani ya nyumba usiku. Nyumba ni chumba kimoja cha kupanga. Roli inalala ukutani, upande wa watoto, imefunikwa blanketi ambalo nao walilihitaji. Mke wake hakulipenda jambo hilo, na ni vigumu kumlaumu.

Juma lililopita mwenye taxi inayokwenda Beni alileta gari jioni. Alilitaka alfajiri.

— Kijana, kesho saa kumi na mbili ninapakia abiria.

— Papa, ubao haujakauka. Unipe mpaka kesho saa kumi, jua likitoka.

— Saa kumi nitakuwa nimepoteza safari. Wewe bandika tu.

Mwenye kibaraza alikuwa na dawa yake: kuwasha mbabula, kuiweka ndani ya gari, kufunga milango, na kubandika humo humo kwenye joto. Kijana alikataa. Makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukiisha, watu hudhani hatari imepita, kumbe ndipo yanaendelea kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu bila kumwamsha. Familia zilizohama na zinazolala chini ya bashi zinapaswa kulijua hili kuliko fundi yeyote: mbabula haiingii mahali pa kulala, hata mvua ikinyesha, hata mtoto akitetemeka. Tena gundi nyingine za makopo hutoa mvuke unaoshika moto.

Alilofanya ni hili. Alitoa ubao wote nje ya gari usiku huo huo, kupitia mlango wa nyuma, akausugua kwa brashi mpaka vumbi la sponji likaisha, maana gundi mpya ikishika vumbi itaanguka pamoja na vumbi. Akauingiza ndani. Alfajiri mke wake alichemsha maji, yakajazwa katika chupa, na chupa zikazungushwa juu ya ubao kama anayesukuma chapati, mpaka mgongo wa mkono uliposikia uvuguvugu kila mahali. Hapo akaanza katikati, akibandua karatasi kidogo kidogo, akisukuma kwa kiganja kuelekea kando. Penye bonde hakuvuta kitambaa, kwa sababu kitambaa kilichovutwa hurudi kilikotoka. Akapitisha chupa za moto tena juu yake.

Gari halikuondoka saa kumi na mbili. Liliondoka karibu saa sita, na mwenyewe alinung'unika mpaka akashika usukani. Gundi kama hiyo inahitaji hata siku tatu kufikia nguvu zake zote, na fundi alimwambia asiwaache abiria waguse juu. Alilipwa nusu. Nusu nyingine, walikubaliana, ni baada ya juma moja la kwenda na kurudi Beni, ambako kuna joto kuliko Butembo na plafo mbaya hujulikana haraka.

Juma hilo linaisha siku ya nne. Kodi ya chumba inadaiwa siku ya tatu.